Kwa mnaoanza uhasibu wa menejimenti: gharama gani, kwa uamuzi gani?

Wadogo zangu mnaoingia masomo ya biashara, iwe SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), iwe Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu au kwengine kokote, somo hili litakukuteni mmeshazoea debiti na krediti. Mmeshaijua raha ya mizania inapolingana: ukiona pande mbili zimekaa sawa, unafunga daftari unakwenda zako kula. Uhasibu wa menejimenti, yaani hesabu za kumsaidia mwenye biashara kuamua, haukupi raha hiyo, maana hakuna upande wa pili wa kukuthibitishia. Unaweza kukokotoa vizuri kabisa, kila tarakimu pahala pake, na ukawa umejibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usishike kalkuleta mpaka ujue nani anataka kuamua nini. "Mkate mmoja unagharimu kiasi gani?" si swali lililokamilika. Anayeuliza anataka kupanga bei? Anataka kupokea oda? Au anafikiria kuacha kuupika kabisa? Kila uamuzi una gharama zake zinazouhusu, na nyengine hazina kazi hapo hata zikiwa za kweli.

Tuchukue mama anayepika mkate wa kumimina. Tuseme anauza 3,000. Mchele, nazi, sukari, hamira, hiliki na makaa vinamla 1,800 kwa kila mkate. Kodi ya banda na mshahara wa msaidizi ni 240,000 kwa mwezi, auze asiuze. Kila mkate ukishalipia vitu vyake unamwachia 1,200, na hiyo ndiyo inayoitwa mchango. Gawa 240,000 kwa 1,200, unapata mikate 200. Akiuza hiyo hana faida wala hasara. Wa 201 ndio unaoanza kumpa faida. Mpaka hapa darasa zima huwa linatabasamu.

Sasa mwezi huu anauza mikate 300. Anakuja mwenye harusi anataka 50 ya ziada, lakini kwa 2,300 kila mmoja. Wanafunzi wengi watagawa 240,000 kwa 300, watapata 800, watajumlisha na 1,800 wapate 2,600, kisha wataandika kwa kujiamini: akatae, maana kila mkate utamtia hasara ya 300. Lakini ile 240,000 italipwa harusi iwepo isiwepo. Kinachoongezeka ni 1,800 na kinachoingia ni 2,300, kwa hiyo oda nzima inamwachia 25,000 ambazo asingezipata. Aipokee.

Halafu mtunga mtihani anaongeza mstari mmoja mwishoni: masufuria na msaidizi aliye naye hawamudu zaidi ya mikate 300 kwa mwezi. Mstari huo unageuza kila kitu. Kila mkate unaokwenda harusini sasa umenyang'anywa mteja wa kila siku. Anaacha 1,200 apate 500, na kwa mikate 50 amepoteza 35,000. Aikatae. Bei na gharama ni zile zile, jibu limepinduka, na alama nyingi zimekaa kwenye mstari ule ambao mtu mwenye haraka hausomi.

Jengine linalotatiza hapo ni majina yenyewe. Gharama isiyobadilika, ukiigawa kwa mkate mmoja mmoja, ndiyo inayobadilika kila mwezi: 800 ukiuza 300, 1,000 ukiuza 240. Ile inayobadilika ndiyo inayokaa kwenye 1,800 yake bila ya kutikisika. Ukiona "gharama ya kila kimoja" kwenye swali, uliza imepatikana kwa idadi gani. Jambo hili wafanyabiashara walilihisi zamani sana. Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, alipobanwa na mdororo wa biashara mwaka 1772 alichambua hesabu zake akaona zipo gharama zinazokwenda mbele vile vile, atengeneze vyombo vingi au vichache.

Mhadhiri akikupeni mifano ya viwanda vya magari msivyowahi kuviona, jitungieni ya karafuu. Kwa maoni yangu hakuna zao linalolifundisha somo hili vizuri zaidi, na watoto wa Wete na Mkoani wanaingia darasani wakiwa tayari na mtaji huo.

Mtu amekodi mikarafuu kwa msimu na pesa ameshatoa. Wachumaji anawalipa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Inafuata kuchambua, kuanika, kuhangaika na mvua, na kusafirisha mpaka kituo cha ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambako karafuu hupokewa kwa madaraja. Kwa makadirio ya kawaida karafuu kavu hubaki na kama theluthi ya uzito wa mbichi, kwa hiyo kilo moja ya kuuza inabeba uchumaji wa kilo tatu hivi. Katikati ya msimu anapiga hesabu na kuona pesa ya kukodi haitorudi yote. Aache kuchuma? Ile kodi imeshakwenda. Achume, asichume, hairudi. Alinganishe bei ya kilo moja kavu na malipo ya kuchuma kilo tatu mbichi, kuchambua, kuanika na usafiri. Ikibaki chochote, aendelee, ingawa msimu wote utafungwa kwa hasara, kwa sababu akiacha hasara itakuwa kubwa zaidi. Msimu ujao, kabla hajatoa pesa, kodi inarudi kwenye hesabu kwa nguvu zake zote. Shamba ni lile lile na pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi wa safari hii bado haujafanywa.

Kisha kuna makonyo, vile vikonyo vinavyotengwa na karafuu wakati wa kuchambua. Uchumaji mmoja unakuletea karafuu na makonyo pamoja, na makonyo nayo yana soko, maana hukamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Mtafundishwa kuigawa gharama ya pamoja kwa uzito au kwa thamani ya mauzo, na mtaumwa na kichwa. Jifunzeni, kwa sababu ripoti inahitaji thamani ya mali iliyobaki ghalani. Lakini mkiulizwa kama mkulima apeleke makonyo yake au ayatupe, mgao huo uwekeni pembeni kabisa. Tazameni kinachotumika baada ya kuchambua tu: kuyaanika, gunia, gari. Yakilipa hayo na zaidi, yaende.

Karafuu inasaidia pia kwenye sura ya kupanga bei, ile ya kuchukua gharama na kuongeza asilimia ya faida. Mkulima wa Pemba hana nafasi hiyo, maana bei inatangazwa na ZSTC. Yeye huanza na bei kisha anarudi nyuma: kwa bei hii, naweza kulipa kiasi gani kwa pishi? Biashara nyingi zinakwenda hivyo kuliko vitabu vinavyodokeza.

Kwenye gharama mchanganyiko, yaani yenye sehemu isiyobadilika na sehemu inayobadilika, mfano mzuri ni umeme na dizeli ya jenereta katika hoteli za Nungwi au Paje. Mwezi wa Januari vyumba vilivyolaliwa 900, gharama 11,000,000. Aprili, mvua za masika, vyumba 300, gharama 5,000,000. Tofauti ya 6,000,000 gawa kwa vyumba 600: 10,000 kwa chumba. Vyumba 900 vinakula 9,000,000, na 2,000,000 zinazobaki ni zile zisizobadilika. Miezi ya kulinganisha ichaguliwe kwa wingi wa vyumba, si kwa ukubwa wa bili. Na kama jenereta lilifanyiwa matengenezo makubwa Aprili, mwezi huo hautufai, tafuta mwengine.

Tofauti za bajeti, yaani kati ya kilichopangwa na kilichotumika, zisomwe kwa pamoja. Mnunuzi wa hoteli akipata samaki wa rahisi, ripoti itamsifu kwenye bei, na huku jikoni wanashutumiwa kwa kutumia samaki wengi mno. Mara nyingi waliotupwa ni wale wale wa rahisi.

Kutathmini mali iliyobaki ghalani kwa gharama zote za uzalishaji, hata zisizobadilika, kuna mtego wake: mzalishaji wa sabuni ya mwani akitengeneza nyingi kuliko anazouza, sehemu ya kodi ya kiwanda inalala ghalani pamoja na sabuni, na faida ya mwezi inaonekana kubwa bila ya kuuza hata moja zaidi. Gharama kwa shughuli, njia ya kugawa gharama kwa kufuata shughuli zinazozisababisha, iliyoenezwa na Robin Cooper na Robert Kaplan wa Marekani miaka ya 1980, mtapitishwa juu juu tu, msiikeshee.

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini bishaneni kwa Kiswahili kwanza. Mtu asiyeweza kumweleza mwenzake wa chumbani kwa nini kodi haihesabiwi, hatoweza kuieleza kwenye karatasi. Na andikeni hatua zote za hesabu. Jibu tupu likikosea halina pa kuokotea alama.

Mkipewa kazi ya kikundi ya kutafuta biashara halisi, nendeni kwa shangazi au jirani, na msimuulize gharama zake. Muulizeni jana alinunua nini, kwa shilingi ngapi, na kilibaki nini. Atakwambieni nazi ni za bure, zinatoka shambani kwao. Kama angeweza kuzipeleka sokoni Darajani zikanunuliwa, ziandikeni kwa bei hiyo, ukitoa nauli ya kuzifikisha. Muda wake pia hautokuwemo, basi wekeni mistari miwili: kinachobaki kabla ya kumlipa yeye mwenyewe, na baada. Kabla ya kuwasilisha darasani, mpelekeeni aione. Ataiangalia kidogo, kisha atakuulizeni iko wapi mifuko, na ile mikate iliyoungua.