Kumuuguza kasuku aliyeponea chupuchupu kukosa hewa

Kasuku wetu anaitwa Chiriku, jina alilopewa na marehemu babu kwa sababu hakuwa na kunyamaza tangu alfajiri hadi magharibi. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ana umri wa miaka 11, na maneno anayoyapenda kuliko yote ni ya mgeni aliyesimama mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!" Agosti iliyopita sauti hiyo ilianza kukwaruza. Kwa siku mbili tatu tulicheka, tukasema amezeeka, kisha akaacha kabisa kubisha hodi, akabaki kutoa mlio mwembamba kama wa bawaba iliyokosa mafuta. Natanguliza hili kwa sababu ndilo ningependa mtu angeniambia mapema: kasuku anayebadilika sauti, au anayenyamaza bila sababu, achukuliwe kuwa ana tatizo katika njia ya hewa mpaka daktari wa ndege athibitishe kwamba hana.

Kosa la kwanza lilikuwa letu, na la pili lilikuwa la kliniki tuliyoiendea mwanzo, ambako tuliambiwa ni mafua, tukapewa unga wa antibiotiki wa kuchanganya na maji ya kunywa, tukarudi nyumbani roho zimetulia. Wiki hiyo tulikuwa na harusi. Mjini Maskati mwezi wa Agosti hakuna anayefungua dirisha. Nyumba nzima huishi kwa kiyoyozi, na katika nyumba hiyo iliyofungwa khalati yangu, dada wa mama, alifukiza udi na ubani kila jioni kwa heshima ya wageni, kama walivyofanya mama yake na bibi yake Unguja. Usiku wa tatu nilipofunua kitambaa cha tundu nilimkuta Chiriku ameachama mdomo, shingo ameinyoosha, na mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi kama mpini wa bomba la kuvutia maji.

Bahati yetu ni kwamba tunaishi katika nchi ya watu wanaofuga kozi, ndege wa kuwindia, na palipo na kozi hapakosi daktari anayejua mapafu ya ndege. Daktari wa pili hakuanza na picha wala maswali mengi. Alimweka Chiriku kwanza katika kisanduku chenye oksijeni, kisha akamlaza kwa dawa ya usingizi, akamtoboa ubavuni upande wa kushoto na kupitisha mrija mfupi. Ndege hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, na hewa yake huzunguka kupitia vifuko vilivyotanda kifuani na tumboni. Ukifungua njia ya kuingia katika kifuko kimoja, ndege anaweza kupumulia ubavuni huku koo lake likiwa limeziba. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikauona mkia ukitulia.

Kesho yake alipitishiwa kamera nyembamba kooni, nayo ikaonyesha kibonge cha rangi ya njano pale mrija wa hewa unapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, mahali ambapo ndipo ndege hutengenezea sauti yake. Lilikuwa kuvu aina ya aspajilasi. Kuvu hili huota kwenye nafaka na karanga zilizopata unyevu, na sisi tulikuwa tukimpa karanga za maganda kwa miaka, pamoja na alizeti, na kidogo sana cha kingine. Mlo wa mbegu peke yake hauna vitamini A ya kutosha, na kasuku aliyekosa vitamini hiyo utando wa njia zake za hewa huwa mgumu, ukashindwa kujilinda. Moshi wa harusi haukuleta ugonjwa. Ulikuta nyumba imeshabomoka, ukasukuma ukuta. Kibonge kilitolewa vipande vipande, na siku ya tatu tulikabidhiwa Chiriku, mrija ukiwa bado ubavuni.

Uuguzaji wenyewe ulianzia hapo, na ndio uliotushinda zaidi kuliko usiku ule wa mbio.

Mrija wa ubavuni hukaa siku chache tu, lakini katika siku hizo ndio pumzi yake, nao ukiziba, ndege hana pa kukimbilia. Nilifundishwa kuukagua kwa unyoya mwepesi wa kifuani, ule laini unaopeperuka hata kwa pumzi ya mtu: unaushika mbele ya tundu la mrija bila kugusa, na ukiuona unakwenda mbele na kurudi nyuma, hewa inapita. Unyoya ukitulia na ndege akaanza kuachama, hilo ni jambo la kumpigia daktari mkiwa tayari njiani. Wakati huo wote ndege haogeshwi wala kunyunyiziwa maji, kwa sababu tone linaloingia katika mrija halikutani na koo la kulikohoa. Linakwenda moja kwa moja ndani. Vijiti vya kutua tulivishusha karibu na sakafu ya tundu, vitu vya kuchezea vyenye kamba tukaviondoa, na chini tukatandika karatasi tupu iliyobadilishwa asubuhi na jioni. Maranda ya mbao na mabua hayafai, maana nayo hufuga kuvu.

Joto la upande mmoja wa tundu tuliliweka kati ya nyuzi 28 na 30, upande wa pili ukiachwa bila joto ili achague mwenyewe. Katika chumba chenye kiyoyozi jambo hilo lilitaka kipimajoto halisi, wala si mkono wa mtu. Kiyoyozi kilisafishwa chujio lake, na upepo wake ukageuzwa usielekee kwenye tundu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeona watu wengi wakilikosea, mimi nikiwa wa kwanza. Siku ya tano nyumbani Chiriku alikula boga la kuchemsha, akakwangua bakuli, akainamisha kichwa akunwe. Nyumba nzima ikasema amepona. Kasuku ni ndege anayewindwa huko msituni kwao, na anayewindwa hajionyeshi kuwa mgonjwa. Atakula mbele yako akiwa na robo ya pumzi. Daktari alikuwa ametuambia tuache kutazama bakuli, tutazame kidari na mkia. Kwa hiyo kila usiku, ndege akiwa amesinzia, nilikaa mbali kidogo nikahesabu pumzi zake kwa sekunde 30, nikazidisha mara mbili, nikaandika. Idadi ya siku moja haikuniambia kitu. Idadi za siku kumi zilizopangwa kwa mstari ziliniambia mengi. Tulipima pia muda anaochukua kutulia baada ya kushikwa, nasi tuliambiwa kwamba kwa Chiriku usizidi dakika 3.

Mizani ya jikoni ilikuwa chombo cha pili. Kila asubuhi kabla ya kula alipandishwa kwenye kijiti kilichofungwa juu ya mizani. Akiwa mzima alikuwa na gramu 438. Siku tuliyomrudisha nyumbani alikuwa na gramu 391, yaani alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na manyoya yalikuwa yametuficha hilo kwa sababu yeye alijivimbisha kama mpira. Kwa ndege, kupungua kiasi hicho ni dharura inayojitegemea. Alipofika gramu 402 nilifurahi kuliko nilivyofurahia boga.

Kuhusu dawa nitasema mambo mawili. Jirani yetu, mzee mwema anayefuga kozi, aliposikia neno aspajilasi alituletea mabaki ya dawa ya kuvu aliyompa kozi wake, na alituletea kwa mapenzi. Nilipompigia daktari akanikataza kwa sauti ninayoisikia hadi leo: ile dawa, itrakonazoli, inajulikana kuwadhuru kasuku wa kijivu ingawa ndege wengine huistahimili. Chiriku alipewa dawa nyingine ya jamii hiyo, na alipaswa kuimeza kwa wiki nyingi, pamoja na kupimwa damu kuangalia ini. Basi usiazime dawa ya ndege wa mwenzako, hata kama jina la ugonjwa ni lile lile.

La pili ni namna ya kushika. Kwa kuwa ndege hupumua kwa kuinua kidari, mkono unaobana kifua unamnyonga hata kama shingo iko huru. Tulimfunga kwa taulo jepesi, mtu mmoja akishika kichwa kwa vidole viwili chini ya taya, kifua kikiachwa kipande na kushuka. Wa pili akiingiza bomba la sindano lisilo na sindano kutoka upande wa kushoto wa mdomo kuelekea kulia, maana umio wa ndege, yaani njia ya chakula, umepita upande wa kulia wa shingo, akitoa tone baada ya tone na kusubiri ameze. Baada ya wiki mbili aligundua kwamba dawa ikifuatwa na papai haina ubaya, akawa anaijia mwenyewe, na taulo likarudi kabatini. Mashine ya kupumulia mvuke wa maji ya chumvi tuliitumia mara mbili kwa siku kama tulivyoelekezwa, tundu likiwa limefunikwa nusu, na vyombo vyake vikikaushwa kabisa kila mara, kwa kuwa mashine yenye unyevu ni shamba jingine la kuvu.

Chakula hakikutupa tabu sana: boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti ya kuchemsha, mchicha, pilipili hoho na hata pilipili kali, ambayo kasuku haisikii ukali wake. Huko kwao msituni kasuku wa kijivu hula matunda ya mchikichi, kwa hiyo nyama nyekundu ya chikichi aliijua kabla hatujamjulisha. Karanga zilitoka nyumbani moja kwa moja. Parachichi haliguswi, ni sumu kwake.

Ugumu mkubwa ulikuwa chetezo cha kufukizia udi. Mapafu ya ndege huchota hewa anapovuta na anapotoa pumzi pia, na hiyo ndiyo sababu sumu isiyomsumbua mtu humwua ndege aliye chumba cha pili. Dawa ya mbu ya kuchoma, manukato ya kupulizia, sigara, klorini ya kusugulia choo, mkaa wa shisha, yote yalipigwa marufuku, na hakuna aliyebisha. Vikaango vya utando usionata tulivigawa, kwa sababu vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke usio na harufu unaoua kasuku kwa dakika. Lakini udi! Khalati aliniuliza kama nataka nyumba inuke kama hoteli. Alijaribu kuufukiza chumbani kwake akiwa amefunga mlango, na usiku huo idadi ya pumzi ikapanda daftarini, nikampelekea daftari akaona mwenyewe. Tangu hapo chetezo hukaa barazani nje, nguo hufukiziwa huko huko, na wageni huagwa na harufu badala ya kupokewa nayo. Hajanisamehe, ila hajarudisha.

Wiki ya tatu, mrija ukiwa umeshatolewa na sote tumelegea, idadi ya pumzi ilianza kupanda tena kidogo kidogo, bila mkia kutikisika na bila kuachama. Mrija wa hewa uliojeruhiwa hupona kwa kovu, na kovu hujikunja, likaifanya njia kuwa nyembamba hata kama kilichoziba kimeondolewa zamani. Kama nisingekuwa na daftari, ningeona ndege anayekula na kunya vizuri. Kamera ilirudishwa, kovu likakutwa lipo ila bado halijabana, dawa ya kupunguza uvimbe ikaendelezwa, na tukapangiwa kurudi kila baada ya wiki mbili. Daktari alitaja upasuaji wa kukata sehemu yenye kovu na kuunganisha, kazi ambayo angetaka ifanywe na mtaalamu wa nchi ya jirani. Hapo ndipo nilipojua umuhimu wa karatasi: tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na hata mgonjwa havuki mpaka bila vibali. Anayefuga kasuku asingoje pumzi zikwame ndipo aanze kutafuta makaratasi ya ndege wake.

Upasuaji haukuhitajika. Gramu zilifika 431, zikakaa hapo. Hatukumchokoza aseme, kwa kuwa tuliambiwa tuiache sauti irudi yenyewe, na kwamba huenda isirudi kama ilivyokuwa. Wiki ya saba mtu wa maji alipogonga mlango, Chiriku alimjibu kabla yetu, kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi: "Hodi." Mara moja tu. Nilikaa chini nikahesabu pumzi zake kwa sekunde 30, nikaandika, ndipo nikaenda kumfungulia mtu wa maji.