Insha zao safi, wakiongea "the" inapotea

SWALI: Habari zenu wapendwa. Mimi nasoma huku Brno, Jamhuri ya Cheki, na wenzangu wengi darasani ni Wacheki wanaosomea Kiingereza. Insha zao safi balaa, mpaka notsi huwa naazima kwao, ila tukikaa kupiga stori nasikia "I saw girl in shop", mara "she said that she is sick". Mwalimu kaniomba niwe nafanya nao mazoezi ya kuongea. Huu ni uzembe au nini, na nimsahihishe mtu kila akikosea? – Dada wa Brno

JIBU: Uzembe hapana, dada yangu. Kicheki hakina kabisa vile vineno "a" na "the", kama Kiswahili tu, sasa Mcheki akiandika ana muda wa kurudi nyuma kuvipachika, lakini akiongea anatafuta neno huku anapanga sentensi huku anakuangalia usoni kama umemwelewa, hapo cha kwanza kudondoka ni kitu ambacho lugha ya nyumbani haijawahi kumdai. Na kwa vile maana bado inafika, hakuna anayemshtua.

Kuna mkusanyo wa mahojiano na wanafunzi wa Kiingereza unaitwa LINDSEI, ulianzia Louvain, Ubelgiji, mwaka 1995, na Wacheki wana sehemu yao humo, mahojiano 50. Mwishoni mwanafunzi anapewa picha nne asimulie: mwanamke anachorwa, haipendi sura aliyochorwa, mchoraji anairemba, halafu yeye anaenda kuwaringishia marafiki. Inaonekana stori ya kitoto ila ina mtego, manake mwanamke ni yule yule kila picha, kwa hiyo "a woman" wa mwanzo lazima awe "the woman" hadi mwisho, mchoraji naye hivyo hivyo. Wape stori ya namna hiyo utaona wenyewe wanapojikwaa.

Kwenye "she said that she is sick", Kicheki kinaacha wakati kama ulivyosemwa, "Řekla, že je nemocná", na sisi si tunasema "alisema anaumwa"? Kiingereza ndo kinapenda "was", ingawa kama bado anaumwa hata "is" inakubalika, kwa hiyo usikimbilie kumkata mtu. Tazama zaidi "I live here three years". Hapo Kicheki kinatumia wakati uliopo, basi, na ingawa kina vitenzi viwili viwili, "psát" cha kuandika kunakoendelea na "napsat" cha kuandika ukamaliza, utajiri wote huo haumfikishi kwenye "I have lived".

Kumsahihisha kila dakika, hapana, atanyamaza. Tena mengine si makosa, "there's two people" Waingereza wenyewe wanasema kila siku, wakiongea wanarudia maneno, wanaacha sentensi njiani, usiyapime maongezi kwa rula ya insha. Kubalianeni kitu kimoja kwa siku, tuseme "a" na "the" tu, rekodi kwenye simu kama wameridhia, wasikilize wajikamate wenyewe, kisha wasimulie stori ile ile upya, manake raundi ya pili maneno wanayo tayari na kichwa kina nafasi ya kuangalia sarufi. Na wakikubana kwa nini "the Vltava" halafu "Prague" patupu, waambie mito inachukua "the", miji mingi haichukui, muendelee na stori.