Darubini zenye stabilaiza: nani anunue, nani aache

Vijana wanaoanza kazi ya kuongoza watalii huniuliza kama darubini yenye stabilaiza, yaani kifaa cha ndani kinachotuliza picha mkono unapotikisika, inastahili bei yake. Wawindaji wa vitalu nao huuliza hivyo hivyo. Mimi huwauliza kwanza: unapotazama, umesimama juu ya nini? Kama kazi yako ni ndani ya gari lenye watu au kwenye boti, jichange ununue. Kama unafuata nyayo kwa miguu ndani ya miombo, ambako miti inakuzuia kuona mbali, chukua 8x42 ya kawaida (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42) yenye vioo vizuri, na chenji inunue buti.

Chukua mfano wa kreta ya Ngorongoro. Sakafu yake ni kama kilomita za mraba 260 na gari haliruhusiwi kuacha barabara, lakini faru weusi hawana habari na barabara. Mara nyingi unamkuta yuko kilomita moja au zaidi. Unazima injini, unafungua paa, unaegemeza viwiko. Mara mgeni wa kiti cha nyuma anainama kutafuta maji yake na gari zima linayumba juu ya springi. Kale kadoa ka kijivu ulikokuwa unakatazama kanarukaruka: huenda ni faru, huenda ni nyati amelala. Na mgeni aliyevuka bahari kumwona faru hapendi kusikia neno "labda".

Darubini ya mara 10 inakuza mnyama mara 10, na mtikisiko wa mikono yako pia. Ndiyo sababu wengi wetu tunaishia kwenye 8 au 10. Ukipanda hadi 15 bila tripodi, unalipia ukuzaji usioweza kuutumia. Stabilaiza inavunja kikomo hicho. Canon walitoa 12x36 yao mwaka 1995, na modeli zao nyingi zinafanya kazi hivi: vihisi vinapima mkono unavyopanda, kushuka na kwenda pembeni, kisha prizimu laini, yaani vioo viwili bapa vyenye kimiminika katikati, inabadili pembe papo hapo ili mwanga ufike jichoni ukiwa umetulia. Fujinon wamekwenda njia nyingine. Prizimu zao zinaning'inia kwenye fremu inayozunguka, na zinahimili myumbo mkubwa zaidi. 12x28 yao inasahihisha myumbo wa hadi nyuzi 3, wakati Canon nyingi zinaishia karibu na nyuzi 1. Kwa safari za boti kwenye Rufiji ningechagua Fujinon, ndani ya gari Canon inatosha. Zeiss nao walitengeneza 20x60 S isiyotumia betri kabisa, ila ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, na bei yake sitaizungumzia hapa maana tutagombana.

Sasa, matangazo yanasifu kuona mbali. Kwangu faida kubwa ni nyingine: picha ikitulia, kinachojongea kinajitangaza chenyewe. Ukishika darubini ya kawaida kila kitu kinatikisika pamoja, nyasi, jiwe na sikio la duma, na jicho lako haliwezi kuchambua kipi kinatikiswa na mkono na kipi kina uhai. Bonyeza kitufe cha stabilaiza, uwanda wote unasimama. Sikio likipunga inzi, unaliona. Mkia wa chui unaoning'inia kwenye mti wa Seronera, ndani ya Serengeti, nao unacheza peke yake huku matawi yametulia.

Kwa hiyo usiitumie kama tochi ya kumulika huku na huku. Anza na macho matupu. Gawa eneo vipande, elekeza darubini kipande cha kwanza, ndipo ubonyeze na usubiri. Kaa hapo muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, hasa kwenye vivuli na kingo za vichaka. Ukitaka kuhama, achia kitufe kwanza. Ukizungusha darubini huku stabilaiza inafanya kazi, mashine inadhani unatetemeka na inakuvuta nyuma, halafu picha inaruka ghafla. Baadhi ya watu hupata kichefuchefu. Kuna modeli zinazotaka kidole kibaki kwenye kitufe na nyingine unabonyeza mara moja tu. Mimi napenda za kushikilia, maana kidole kikichoka nakumbuka kupumzisha na macho.

Kwa uwindaji, nazungumzia Tanzania na kwa wenye vibali. Kenya walipiga marufuku tangu 1977. Hapa simba anayekubalika ni dume wa miaka 6 na kuendelea, na kukadiria umri huo ni kazi ya macho. Pua ya simba kijana ni ya waridi, kisha inajaa madoa meusi kadiri anavyozeeka. Jaribu kuhesabu madoa ya pua kutoka umbali wa mita 200 huku moyo unadunda na umetoka kutembea kwenye jua. Hapo stabilaiza inamwokoa simba, na inaokoa leseni ya mwindaji. Lakini iwe ya kutambua tu. Wa kumpata huyo simba ni mfuatilia nyayo, naye hahitaji betri.

Usidanganyike kwamba inatibu kila kitu. Jua likipanda na ardhi ikachemka, mazigazi yanayeyusha picha, na hayo yako hewani, si mkononi mwako. Kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo yanavyoonekana vibaya zaidi. Kazi ya mbali ifanye asubuhi.

Mwanga nao ni suala zito. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 10x30 inakupa milimita 3 za mwanga jichoni, 10x42 milimita 4.2. Jua likizama, mboni ya kijana inaweza kufunguka milimita 6 na zaidi, hivyo 10x30 itaonekana ya giza hata ikitulia vipi. Anayemsubiri chui jioni atahudumiwa vizuri zaidi na 8x56 ya kawaida iliyoegemezwa. Canon 10x42L ni maelewano mazuri na inahimili maji, ila ina uzito wa zaidi ya kilo moja shingoni, na kwa bei unaingia zaidi ya dola 1,000. Modeli ndogo ni nusu ya hapo au chini, lakini nyingi hazijazibwa dhidi ya maji, na vumbi letu si la kuchezea.

Hela ikipungua, shona mfuko wa kitambaa, ujaze maharage, uuweke kwenye ukingo wa paa na ulaze darubini yako ya sasa juu yake. Wageni wakikaa kimya, unapata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa bei ya maharage.

Ukinunua ya mtumba, usiijaribu ndani ya duka. Toka nje, tafuta kibao chenye maandishi madogo mbali sana, bonyeza, usome. Sikiliza kama inakwaruza. Tazama nyota moja usiku kama muuzaji atakuvumilia: inatakiwa ibaki nukta, isigawanyike mbili. Fungua kibanda cha betri uangalie kutu, gusa mpira wa nje kama unanata, na kama unavaa miwani, ijaribu ukiwa umeivaa.