Ukitaka kuielewa Stella, anza na wachongaji wake

Anayeanza kukusanya sarafu za Marekani za karne ya 19 hukutana mapema na jina la Stella, sarafu ya dhahabu ya dola 4 iliyopigwa kwa majaribio kati ya mwaka 1879 na 1880, na mara nyingi jambo la kwanza analolisikia ni bei yake mnadani. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kukusanya sarafu za fedha za kipindi hicho, ni kuiweka bei kando kwa muda na kuanza na mikono iliyoichonga. Anayeifahamu mikono hiyo hadanganyiki kwa urahisi, na hufaidi zaidi anapoitazama sarafu yenyewe.

Wazo la sarafu hiyo lilitoka kwa John A. Kasson, balozi wa Marekani mjini Vienna, Austria, ambaye awali aliwahi kuongoza kamati ya Bunge iliyoshughulikia sarafu na vipimo. Alitaka msafiri na mfanyabiashara wa Kimarekani awe na sarafu inayokaribiana na florini 8 za Austria na faranga 20 za Ufaransa. Tatizo ni kwamba ilikaribiana tu: thamani ya florini 8 ilikuwa takriban dola 3.88, kwa hiyo hesabu ya kubadilisha fedha ingebaki palepale. Bunge halikuikubali, na kwa maoni yangu lilifanya vyema. Wazee wa pwani yetu wangeweza kumweleza Kasson kwamba sarafu huvuka mipaka kwa kuzoeleka na kuaminiwa, maana katika karne hiyohiyo riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye asili yake Austria na iliyoandikwa mwaka 1780 usiobadilika, ilikuwa ikipokewa Zanzibar bila mkataba wowote wa kulinganisha thamani.

Wachongaji walikuwa wawili, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji atulie. Charles Barber alizaliwa London na kuletwa Marekani akiwa mtoto na baba yake, William Barber, aliyekuja kuwa Mchongaji Mkuu wa Kiwanda cha Sarafu cha Philadelphia. William alifariki Agosti 1879, na mwanawe akairithi nafasi hiyo. George T. Morgan, Mwingereza vilevile, aliletwa mwaka 1876 na Henry Linderman, mkurugenzi wa viwanda vya sarafu, na muda si mrefu sanamu yake ya Uhuru, yaani kichwa cha mwanamke anayewakilisha uhuru, ikachaguliwa kwa dola ya fedha ya mwaka 1878, jambo ambalo halikuwapendeza akina Barber. Morgan alisubiri hadi mwaka 1917, Charles alipofariki, ndipo akawa Mchongaji Mkuu.

Katika Stella wawili hawa wanasimama bega kwa bega. Upande wa nyuma ni mmoja: nyota kubwa yenye pembe tano, ndani yake yakiwa maneno ONE STELLA 400 CENTS. Upande wa kichwa ndio unaotofautiana. Uhuru wa Barber ana nywele zilizoachiwa zikashuka shingoni, na uso mzito, mtulivu, ulio mbali kidogo na mtazamaji. Uhuru wa Morgan ana nywele zilizosukwa na kuzungushwa juu ya kichwa, na uso wake unaonekana kuwa wa mtu aliyekaa mbele ya mchoraji. Mimi humpenda zaidi wa Morgan, ingawa nakiri kwamba Barber alikuwa na nidhamu ya kazi isiyopewa heshima yake.

Huhitaji kumiliki Stella ili kujifunza haya. Nunua dola ya Morgan iliyotumika, ambayo nyingi bado zinapatikana kwa bei ya kawaida, na sarafu ndogo ya Barber ya senti 10 iliyopigwa kati ya 1892 na 1916. Chukua lenzi, itafute herufi M mwishoni mwa shingo ya Uhuru wa Morgan, kisha fuata jinsi kila mmoja alivyouchonga ukingo wa jicho, pembe ya mdomo na mashina ya nywele. Ukishazoea, picha za mnadani zitaanza kukueleza mambo ambayo maelezo ya muuzaji hayataji.

Kuhusu idadi, zinazopatikana zaidi ni zile za Barber zenye mwaka 1879, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 400 kwa sababu ziliendelea kupigwa kwa ajili ya wabunge. Za Morgan, pamoja na zote za mwaka 1880, ni chache mno. Zipo pia zilizopigwa kwa shaba na kwa alumini, na baadhi ya zile za shaba zilipakwa dhahabu, mbali na nakala za kisasa zinazouzwa kwa wingi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inadai nakala iandikwe COPY, lakini neno hilo huweza kufutwa.

Kwa hiyo pima. Stella ya dhahabu ina gramu 7 na kipenyo cha milimita 22; sarafu yenyewe imeandikwa mchanganyiko wake kuuzunguka uso: gramu 6 za dhahabu, 0.3 za fedha na 0.7 za shaba. Ukiining'iniza ndani ya maji, uzito wake hupungua kwa takriban gramu 0.42 tu, ilhali shaba ya uzito uleule ingepungua kwa karibu gramu 0.78. Mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu inatosha.

Usiogope ukiona mistari myembamba sambamba ikipita juu ya nywele na shavu la Uhuru. Ilitokana na roli zilizolaza dhahabu kabla ya kupigwa chapa, na Stella nyingi halisi zinayo. Kinachostahili kukutia shaka ni ukingo: nyingi zilivaliwa kama vidani, na sonara aliyeondoa kikonyo cha mkufu huacha sehemu iliyolainishwa au yenye rangi tofauti, kwa kawaida juu ya kichwa. Muombe muuzaji picha ya ukingo mzima, na akisitasita, subiri nyingine.