Mbona mwatutoa nje saa nane mchana? Majibu kwa maswali yenu ya matembezi ya ndege

Mwezi huu barua zimekuja kwa fujo, nyingi zimetokana na matembezi yetu ya kutazama ndege Mida, lile hori la bahari karibu na Watamu. Nimechukua zile zinazouliza kitu ambacho wengi wanakiuliza pembeni.

SWALI: Asalaam aleikum. Nilikuja Mida na wanangu tukaambiwa tukutane saa nane mchana, jua latoboa utosi, na kila mtu ajua ndege ni wa alfajiri. Ama viongozi wenu hawapendi kuamka? – Mama wa Barani, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Usingizi twaupenda, sikatai, lakini hapo hatukulala. Ndege wa msituni ndio wa alfajiri, hawa wa Mida saa yao ni maji. Yakipwa wanatawanyika kule mbali kwenye tope wanatafuta riziki, hata uwe na darubini ya bei gani utaona vidoadoa tu, yakianza kujaa ndo wanasukumwa pole pole waje upande wa mikoko mpaka unawaona kwa macho hivi hivi. Na siku ile ilikuwa bamvua, yaani maji yanapokupwa sana na kujaa sana. Bamvua huku kwetu maji yanapwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, muulize mvuvi yeyote, kwa hiyo tungekuja alfajiri mngeona maji yakituacha na ndege wakiyafuata. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mambo yanageuka, wakati huo twaweza kwenda asubuhi na tutawaita mapema msije mkalalamika tena!

Yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene ambaye wanao walimwona akihangaika na kaa, huyo ndiye watalii wanamfuata toka Ulaya. Anakimbia kidogo, anasimama, anachomoa kaa topeni. Kaa mdogo anamezwa mzima mzima, mkubwa anapigwapigwa kwanza mpaka magando yatoke. Halafu akifika msimu wa kuzaa anarudi zake pande za Arabuni, huko hajengi kiota bali anachimba shimo mchangani kama kaa mwenyewe na kutaga humo ndani yai moja jeupe. Waambie wanao hiyo, watapenda.

SWALI: Kusi likiingia mnafunga ama? Nimeskia ndege wote wanarudi Ulaya na mimi likizo yangu ni Julai. – Kijana wa Watamu

JIBU: Hapana bro, hatufungi. Hayo ya "ndege wote" ni maneno ya watu wanaojua kaskazi peke yake. Kaskazi inaleta wale wa Ulaya na Asia, kweli, na kuanzia Aprili wengi wao wanaondoka, lakini kusi nayo ina wageni wake. Nenda mdomo wa mto Sabaki, hapo kaskazini ya mji wa Malindi, Julai au Agosti. Kuna ndege wa rangi ya kahawia anayezaa Madagascar halafu anakuja kupumzika kwetu miezi ya baridi, wanakaa kwenye mchanga maelfu kwa maelfu na hutawajua ni ndege mpaka waruke, manake rangi yao na mchanga ni moja. Huo mchanga na lile tope lote limeletwa na mto kutoka bara, huu Sabaki ndio Galana na juu zaidi ndio Athi ule wa pande za Nairobi, ndo maana bahari ya Malindi inageuka chai wakati wa mvua.

Moja tu nakuomba. Usiende peke yako kupita kwenye matete, kuna viboko pale na kiboko hana habari na likizo yako.

SWALI: Mamangu mzee amekataa katakata mjukuu wake asije msitu wa Arabuko-Sokoke, asema mwenda kutafuta bundi na bundi ni uchuro. Nimwambie nini? – Baba wa Gede

JIBU: Usimbishie mama. Mwambie kwanza huyu bundi tunayemtafuta ana urefu wa sentimita 16 hivi, anaingia kiganjani, wengine kijivu na wengine wekundu, na wataalamu walimwandika mara ya kwanza 1966 tu. Duniani yuko hapa kwetu na kwenye milima ya Usambara kule Tanzania, basi. Mwambie pia twaenda mchana, hajalia, amejikunja kwenye kichaka amefumba macho na anayemjua alipo ni mwongozaji, sisi tunapita karibu naye bila kumwona.

Mimi binafsi simcheki bibi. Msitu unaozunguka magofu ya Gede mwaujua, watu waliogopa pepo wa pale na shoka halikuingia ovyo, na kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zimesimama kwa miiko ya wazee mpaka 2008 UNESCO ikaziandika kwenye urithi wa dunia. Sasa nani alihifadhi, sisi wenye darubini ama wao? Akikubali mlete na yeye pia, siku ya kipindi cha historia huwa twatafuta wazee wa kusimulia na viti vipo.

SWALI: Kuhesabu ndege wa majini Januari ni lazima niwe mtaalamu? – Mwalimu, Ngala

JIBU: Shikamoo mwalimu. Sio lazima, anayeandika namba ni muhimu sawa na anayetaja ndege, na mwandiko wa mwalimu unasomeka! Kila kundi lina mzoefu mmoja. Njoo na kofia na maji ya kunywa, viatu visivyoogopa tope.

SWALI: Naweza kucheza sauti ya ndege kwa simu ili aje karibu nimpige picha? – Bila jina

JIBU: Kwenye matembezi yetu hapana. Ndege akiskia ile sauti anadhani kaingiliwa, anaacha mayai ama makinda anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo, na wewe ukipata picha nyuma yako kuna mwengine na simu yake. Simu zima sauti, ama zaidi iweke mfukoni, na ukiwa na subira pale kwenye daraja la mbao Mida kurumbiza na mdiria watakuja wenyewe.