Vidole vinauma na bado unajaza risasi mwenyewe? Soma hii kabla hujanunua presi

Wenzangu mlioko huku Marekani mnaojaza risasi wenyewe gereji, baridi yabisi ikishaingia vidoleni msikimbilie kuuza vifaa, maana mara nyingi mnamlaumu asiyehusika. Kuvuta mkono wa presi, ile mashine ya kujazia risasi, ni kazi ya bega na kiwiko bwana. Kinachotumaliza ni kubana na kusokota vitu vidogo, kufunga na kufungua dai (vile vyuma vya kuskrubu kwenye presi vinavyolirudishia ganda umbo lake na kukaza risasi), kusukuma fataki, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha ganda, moja moja kwa dole gumba ambalo limeshavimba kwenye shina.

Kwa hiyo ukienda dukani swali la kwanza ni dai inaingiaje. Mimi natumia presi ya Forster Co-Ax, dai unaichomeka tu inateleza mahali pake, hakuna kusokota, na mkono wake uko juu katikati kwahiyo wa kulia ukichoka unahamia wa kushoto. Bei imechangamka, sikufichi. Presi ya tareti ni nafuu zaidi na inafaa, dai zote zinakaa humohumo unazungusha kichwa tu. Zile progresivu, zinazofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja, mivuto ni michache kweli, lakini ikikwama ndo unaanza kuchokoa viplastiki na vispringi na vidole vilevile vinavyouma, mi hapana.

Kile kidude cha kubana mkononi cha kuwekea fataki achana nacho kabisa, hata wakisifia vipi. Chukua cha kufunga kwenye benchi unakandamiza na kiganja. Na kama mkono wa presi una kile kitufe cha duara weka wa rola, ule uliolala unaozunguka, unauvuta kiganja kikiwa wazi bila kukunja vidole, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Risasi za bastola kama .38 Special na .45 ACP nunua dai za kabaidi, ile madini ngumu inayoteleza, hupaki mafuta kwenye maganda, maana kufuta ganda mojamoja ni mateso. Za bunduki ndefu kama .308 hukwepi mafuta, hapo napulizia ya kopo maganda yote yakiwa kwenye trei, naitikisa basi.

Ukiwa umemeza dawa za maumivu zinazoleta usingizi usiguse baruti siku hiyo. Na mwezi wa kwanza gereji ikiwa barafu pasha chumba kwanza, vidole vya baridi havishiki kitu, ila hita isiwe ya moto wa wazi wala ya waya mwekundu, baruti ipo hapohapo.