Kipimajoto kisicho na betri dukani: mwanga wa taa unatosha?

Mkuu, umeuliza kama kipimajoto kinachorusha data kwa Bluetooth kwenye duka la dawa Kariakoo, lisilo na dirisha, kinaweza kuishi kwa paneli ndogo ya sola inayokula mwanga wa taa za LED tu. Kinaweza, ila kwa hesabu ya kubana. Kama ulikuwa unawaza chipu ya ESP32 ya Wi-Fi, achana nayo. Ikirusha inavuta zaidi ya miliampea 100. Chukua chipu za nRF52, za Bluetooth inayokula umeme kidogo.

Anza kupima mwanga. Weka simu yenye programu ya luksi (kipimo cha mwanga) palepale kifaa kitakapokaa, kioo kikitazama upande ambao paneli itatazama. Jua la mchana hufika luksi 100,000. Rafu ya duka mara nyingi ni 200 hadi 400. Ndiyo maana paneli iliyong'olewa kwenye taa ya bustani inafeli ndani: silikoni yake ya fuwele huvuja umeme ndani kwa ndani mwanga ukiwa hafifu, na sehemu ya nguvu yake hutokana na miale isiyoonekana ambayo LED haitoi. Tafuta ya amofasi (silikoni isiyo ya fuwele), ile ya kahawia kama ya kikokotoo. Panasonic AM-1815 (milimita 58 kwa 49) kwenye luksi 200 hutoa volti 3 na mikroampea 42. Kuihakiki, funga rizista ya kiloohm 68 kati ya nyaya zake kisha pima: isome karibu volti 3.

Kwa saa 10 za taa hiyo ni jouli 4.5. Toa robo ya kupotea kwenye chipu ya kuchaji, mfano BQ25570, zinabaki 3.4. Kifaa kinacholala kwa mikroampea 3 na kurusha kila dakika 10 kinakula kama jouli 1 kwa siku. Usishangilie bado. Kapasita ya farad 1, inayotunza umeme wa usiku badala ya betri, ikivuja mikroampea 5 tu, inakunywa jouli 1.7 kwa siku, kuliko kifaa chenyewe! Mvujo hupungua ikishakaa na chaji siku kadhaa, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza. Kutoka volti 4.2 hadi 2.2 ina jouli 6.4, zinazovuka Jumapili duka likiwa limefungwa.

Usiifunge kapasita hiyo ikiwa tupu. Ikiwa chini ya volti 1.8, chipu ya BQ25570 huichaji kwa kujikongoja, na kwa mwanga wa dukani utasubiri siku nyingi ukidhani imeungua. Ichaji kwanza kwa betri mbili za AA kupitia rizista ya ohm 100, dakika 8. Kapasita za umbo la kidonge zina ukinzani mkubwa wa ndani, hivyo weka nyingine ya mikrofarad 100 jirani na redio. Bila hiyo kifaa kinajizima kila kikitaka kurusha.

Kinachowasumbua wengi Dar ni unyevu. Rizista za kupanga volti kwenye BQ25570 jumla yake ni megaohm 13 hivi. Mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) yakinyonya hewa ya bahari yanageuka njia ya umeme, na volti ulizopanga zinahama. Sugua bodi kwa spiriti na mswaki, ikauke kabisa, kisha ipake vanishi ya bodi, ila usizibe tundu la kihisi.

Ukipima chini ya luksi 200, ongeza paneli ya pili sambamba, chanya kwa chanya.